Mrejesho: Gurudumu la nyuma haligusi kiti tena

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini gurudumu la nyuma la Honda CG125, ninayoigeuza nyumbani hapa Goma iwe na umbo la pikipiki za Uingereza za miaka ya 1960, lilikuwa likigonga kiti kila nilipopita juu ya mawe ya volkano. Waliosema bomba la mkia (chuma kilichopindwa cha nyuma ya fremu kinachobeba kiti, si ekzosi) limekaa chini mno walikuwa sahihi: tulipotoa springi za shokomzoba na kuikandamiza pikipiki hadi mwisho, tairi lilifika kwenye nati za kiti, penye alama nyeusi za mpira. Fundi amelipandisha bomba, akiingiza kipande cha chuma ndani ya kila kiungo kabla ya kuchomelea, ili kiwe imara, jambo lililo muhimu kuliko urembo wowote. Hata nikipakia mtu, tairi haligusi kiti. Kilichobaki ni rangi.