Acheni kutuuzia bunju kama samaki wa kuchanganya na wenzake!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayeona lugha imekuwa kali anivumilie au apite tu.

Mpwa wangu ana tangi la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, la kawaida tu: gapi, neoni tetra, koridora wachache wa chini na beta mmoja mwekundu ambaye ndiye aliyekuwa roho yake. Akaenda dukani kutafuta wa kuongezea. Akaonyeshwa kasamaki ka kijani kenye madoadoa meusi, macho makubwa, kamesimama majini kama hakana habari. "Huyu mpole. Hakui huyu, anabaki hivyo hivyo. Anakula chochote, anakaa na yeyote." Akauliza anaitwaje, akajibiwa "bunju". Basi, maelezo yakaishia hapo. Familia ya bunju, hawa samaki wanaojivimbisha wakiogopa, ina spishi karibu 200, wa baharini, wa mtoni na wa kwenye mikoko, halafu mtu anakwambia "bunju" na kukufungia kwenye mfuko. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilipoitwa kwenda kutazama, beta alikuwa amejibana kwenye kona juu, karibu na filta. Mkia wake ulikuwa umetobolewa vipande vya nusu duara, kingo safi kabisa, kana kwamba mtu kapita na kikata kucha. Ugonjwa wa kuoza mapezi hauko hivyo. Ule kingo zinachanika ovyo na mara nyingi zinakuwa na weupe. Hapa palikuwa na meno. Koridora mmoja hakuwa na jicho la kushoto. Mhusika mwenyewe alikuwa nyuma ya hita, katulia, mkia kaukunja ubavuni, jicho moja linatuangalia sisi na jingine linamfuata gapi aliyekuwa anapita. Macho yao kila moja linazunguka kivyake, kwa hiyo msidhani alikuwa amezubaa.

Dukani walipopigiwa simu wakasema eti maji yetu machafu. Walipobanwa wakageuza: "Labda alishtuka akatoa sumu." Jamani! Sumu ya bunju, tetrodotoxin, ndiyo, ipo kwa spishi nyingi, hasa za baharini, na inakaa kwenye ini, mayai na ngozi. Inaua anayemla. Haikati mkia wa beta kwa nusu duara. Na kuhusu neoni waliokufa, tulipima maji: kile kipimo cha amonia, sumu inayotokana na uchafu na chakula kinachooza, ambacho hutakiwa kubaki njano kilikwenda kijani palepale. Bunju ni mlaji mchafu, anang'ata kipande, anatema nusu, na hiyo nusu inaozea kwenye changarawe. Dogo aliambiwa "anakula chochote", akawa anamwagia vidonge vya chakula ambavyo bunju hata havitaki. Ndipo maji yalipoharibikia. Siyo sumu ya kichawi.

Sasa tuongee ukweli ambao muuzaji yeyote anayewaagiza hawa samaki anaujua, au anapaswa kuujua.

Bunju meno yake yameungana yakawa mabamba manne, mawili juu, mawili chini. Familia yake kisayansi, Tetraodontidae, imepewa jina kwa hayo meno manne. Kazi yake ni kuvunja konokono, kaa na kamba. Na hayo meno hayaachi kukua. Asipopata kitu kigumu cha kutafuna yanarefuka mpaka mdomo haufungi vizuri, samaki anakufa njaa huku chakula kiko mbele yake. Kuna wafugaji wanalazimika kumlaza bunju kwa mafuta ya karafuu na kumkata meno kwa mkasi mdogo. Nani aliyemwambia mpwa wangu habari ya konokono? Hakuna. Halafu mnashangaa mnyama aliyeumbwa kung'ata akiona pezi refu linapepea mbele yake analing'ata!

La maji ndilo linaloniudhi zaidi, maana hapo hakuna kisingizio cha "tabia". Yule wa kijani mwenye madoadoa ni Dichotomyctere nigroviridis. Mtoto wake anauzwa akiwa na sentimita mbili tatu, lakini anafika kama sentimita 15. "Hakui huyu!" Na kwao ni midomo ya mito na mikoko, maji ya mto yaliyochanganyika na ya bahari, na kadiri anavyokua ndivyo anavyohitaji chumvi zaidi. Kwenye maji baridi anaishi, ndiyo, ila anadhoofika polepole, tumbo linakuwa jeusi, magonjwa hayamwachi. Chumvi yenyewe ni ile ya kutengenezea maji ya bahari, ya mezani haifai, na unaipima kwa haidromita, hukadirii kwa kijiko. Sasa niambieni, neoni na koridora watakaa wapi humo? Hawawezi. Yaani hata angekuwa malaika kwa upole, tangi moja haliwatoshi hawa wawili. Mmoja lazima ateseke.

Najua wataalamu wa "inategemea na samaki mwenyewe" mko njiani. "Mimi wangu anakaa na moli na hana shida." Moli wanavumilia chumvi, kweli. Wangapi kati ya hao moli wana mikia mizima? Na bunju wako ana ukubwa gani? Bunju mtoto mara nyingi hana neno na mtu, anaanza fujo akishapata mwili. Wewe unatoa ushuhuda wa mtoto halafu mwenzako anaumia na mtu mzima. Ushauri wa namna hii ndio unaowapa wauzaji nguvu.

Na wengine mnasema basi tununue yule mdogo kabisa, Carinotetraodon travancoricus wa kusini-magharibi mwa India. Huyo kweli ni wa maji baridi tupu na hafiki hata sentimita 4. Ila usidanganywe na umbo, anamfukuza gapi aliyemzidi urefu na kumnyofoa mapezi. Tangi lake liwe la wa aina yake peke yao, lenye mimea mingi ya kujifichia, na konokono wadogo wa kula. Fahaka wa Nile, Tetraodon lineatus, anafika zaidi ya sentimita 40 na hukaa peke yake, mjadala umefungwa. Bunju aitwaye mbu, wa Kongo na Ziwa Tanganyika, Tetraodon mbu, anapita sentimita 60. Huyo hata sijui kwa nini anauzwa kwa watu wa kawaida, maana anahitaji bwawa.

Ili nisionekane namwonea kila mtu: yupo Colomesus asellus wa Amazon, wa maji baridi, mchangamfu, na wengi wanamfuga na samaki wepesi wa kuogelea bila vita. Lakini naye meno yanamkua kwa kasi, na beta au enjeli bado usimwekee.

Kitu kimoja kingine kinachonichefua: yule muuzaji alimchokoza bunju kwa kijiti mbele ya mpwa wangu ili avimbe, "aone maajabu". Anavimba kwa sababu anadhani anauawa! Na akitolewa majini akavimba kwa hewa badala ya maji, kuitoa hewa hiyo kunaweza kumshinda akafa.

Ninachodai ni kidogo sana. Jina kamili la spishi liandikwe kwenye tangi la dukani, na aina ya maji, na ukubwa wa samaki akiwa mzima. Mistari mitatu. Asiyejua hayo matatu asimuuze.

Bunju mwenyewe tumemtoa, yuko kwenye tangi la peke yake, nimeanza kumpandishia chumvi kidogo kidogo kila tunapobadilisha maji. Beta anakula, mkia huenda ukaota. Ila hilo tangi la muda ni dogo kwa samaki wa sentimita 15, kwa hiyo mwenye tangi kubwa la maji ya chumvi lililokwisha kukomaa (bakteria wa kusafisha maji wameshajijenga), lisilo na samaki wengine, aseme hapa. Wa "nina tangi la gapi, nitamjaribu" msijisumbue.