Mrejesho: boti imetoka laini bila kompresa

Wakuu habari zenu, mrejesho wa lile swali langu la kupaka boti rangi kwa mkono itoke laini bila michirizi ya brashi, maana mashine ya kupulizia sina. Imekubali aisee! Yule aliyesema tuwe wawili ndo kamaliza kila kitu, dogo anatangulia na rola ndogo ya sponji anapaka kipande kama cha futi mbili, mi nafuata palepale na brashi laini karibu kavu, naipitisha juujuu kwa ncha tu bila kukandamiza, toka rangi mpya kurudi kwenye ile iliyotangulia. Unaona kabisa vipovu vya rola vinapasuka halafu rangi inajilaza yenyewe. Ukiirudia tena umeharibu, iache.

Jua la Moshi sasa ndo adui, mchana rangi inakamata kabla brashi haijafika, kwa hiyo tulipaka asubuhi chini ya turubai na tina (ile ya kuzimulia rangi) tukiongeza kidogokidogo mpaka brashi ikawa inateleza, vumbi tukalimwagia maji chini kwanza. Kati ya koti (tabaka) moja la rangi na jingine ni msasa wa maji namba 320, kabla ya la mwisho 400, unafuta vizuri, inakauka. Na makoti yawe membamba, nene linachuruzika tu.

Kule mbele kwenye mkunjo michirizi miwili mitatu imebaki, ila samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu sidhani kama watalalamika 😂