Fildi ya wiki nane: nyumba ndogo ya vitabu, kampuni kubwa ya vitabu vya shule au kiwanda cha uchapaji?

BintiWaMbagala

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mihangaiko. Nipo mwaka wa pili, nasoma Kiswahili, na fildi yetu, yaani mafunzo ya vitendo kazini, inaanza Julai, wiki nane. Nimezungusha barua mpaka soli imeisha. Waliojibu ni watatu, wote hapa Dar.

Wa kwanza ni nyumba ndogo ya vitabu, Sinza, ghorofani juu ya duka la dawa. Wafanyakazi watano, ukimhesabu na dada wa mapokezi ambaye ndiye mhasibu. Wanatoa hadithi za watoto na riwaya. Posho hakuna, chai ipo.

Wa pili ni kampuni kubwa ya vitabu vya shule. Wana utaratibu wao wa kupokea wanafunzi na nauli wanatoa, ila wameshaniambia nitakaa idara ya mauzo.

Wa tatu ni kiwanda cha uchapaji, Chang'ombe. Nauli na chakula cha mchana. Nitakuwa kwenye meza ya kupokea kazi za wateja na kuzikagua kabla hazijaenda mashineni.

Ninachotaka ni kuwa mhariri. Nyumbani wanasema niende kwenye nauli. Nyie mnasemaje?

MhaririJioni

Marahaba binti. Nahariri vitabu kwa kujitegemea na hizi nyumba ndogo nazijua kwa ndani. Kabla ya kuuliza posho, waulize hivi: "Julai na Agosti mtakuwa na kitabu gani mezani, na kimefika hatua gani?"

Nyumba ya watu watano haitoi kitabu kila mwezi. Ukiingia wakati mbaya utakuta kimoja kimetoka kiwandani jana, na cha pili mwandishi bado anavutana nao kwenye mkataba. Hapo utapanga mafaili na kupeleka vifurushi posta mpaka fildi iishe. Lakini ukikuta mswada umemaliza uhariri wa kwanza na unakwenda kupangwa kurasa, umeokota dodo chini ya mwarobaini. Ndani ya wiki chache utaona prufu ya kwanza (kurasa zilizopangwa, za kusahihishwa kabla ya kuchapwa), utaona mwandishi anagoma kukatiwa sura aliyoipenda, utaona ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ikiombwa Bodi ya Huduma za Maktaba, jalada likienda kwa mchoraji na kurudi. Mchoraji ataleta picha mbili za tukio lilelile, mtoto ana shati jekundu ukurasa wa 6 na la bluu ukurasa wa 7, na wewe ndiye utakayeliona. Kwenye kampuni kubwa kila hatua ina chumba chake na watu wake, na mwanafunzi hupewa chumba kimoja tu.

Niseme na kazi yenyewe, maana watu hudhani mhariri anakaa anasoma hadithi anacheka. Prufu ya Kiswahili ina magonjwa yake. "Baadae" badala ya "baadaye", "nae" badala ya "naye", hayo mepesi. Gumu ni "mtu alie kuja". Kompyuta hailioni kosa hapo, kwa sababu "alie" ni neno halali kabisa (mwache mtoto alie) na "kuja" nalo ni halali. Jicho la mtu ndilo litakaloona kwamba ilitakiwa "aliyekuja". Halafu kuna ukataji wa maneno mwisho wa mstari. Programu ya kupangia kurasa ikiachwa kwenye kanuni za Kiingereza itakuandikia "kitam-", halafu "bo" peke yake mstari wa chini, wakati silabi zetu ni ki-ta-mbo. Mtu wa fildi mara nyingi ndiye anayepewa kalamu nyekundu apite ukingo wa kulia wa kila ukurasa, riwaya nzima. Inaumiza macho. Lakini mhariri anayeajiriwa ni yule aliyeipita kazi hiyo.

BabaWawili

Maneno matamu mhariri, ila Mbagala mpaka Sinza kila siku, kwenda na kurudi, mfuko wa nani? Na mchana mtoto ale nini, prufu? Hela ya fildi ya Bodi ya Mikopo wengine hawaipati kabisa, na wanaoipata inaweza kuchelewa. Kampuni isiyoweza kumpa mwanafunzi hata nauli isichukue mwanafunzi. Mimi nasema Chang'ombe: karibu na Mbagala, na anakula.

MuuzaVitabu

BabaWawili una hoja, ila tusidhani hao wa Sinza wanakula pesa kimyakimya. Chukua kitabu cha shilingi 10,000. Duka linachukua tuseme 3,500. Mrabaha wa mwandishi, wakikubaliana asilimia 10 ya bei, 1,000. Kiwanda tuseme 2,500, na kikichapwa nakala chache kila nakala inapanda bei. Imebaki 3,000, na humo yumo mhariri, mpanga kurasa, mchoraji, kodi ya pango, usafirishaji na nakala ambazo zitakaa stoo hadi panya wazizoee. Siwatetei, naonyesha tu hesabu ilivyo.

Na hiyo idara ya mauzo msiidharau. Binti, vitabu vya shule nchi hii ni biashara inayogeuka na sera. EMAC, kamati iliyokuwa ikipitisha vitabu vya wachapishaji binafsi, ilivunjwa mwaka 2013, na vitabu vya kiada, vile vikuu vya darasani, vya shule za serikali vikaenda Taasisi ya Elimu. Walioishi kwa kiada iliwabidi wahamie kwenye vitabu vya ziada na shule binafsi. Ukikaa mauzo utajua kwa nini mhariri anaambiwa "hiki hatukichukui" ijapokuwa mswada ni mzuri. Tatizo ninaloliona ni majira. Pilikapilika za vitabu vya shule ziko mwishoni mwa mwaka hadi Januari shule zinapofungua. Agosti utakuwa unahesabu stoo.

NilipitaHuko

Mimi nilifanya fildi nyumba ndogo, jina silitaji. Nitoe yote mawili, asali na shubiri.

Asali: walinipa rundo la miswada iliyotumwa na watu, mingine imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la shule. Kila mmoja nisome na kuandika ripoti ya ukurasa mmoja: hadithi inahusu nini, msomaji wake ni nani, inakwama wapi, tuichukue au tuiache, na kwa nini. Ripoti zangu za mwanzo bosi alizirudisha zote. Nilikuwa naandika "lugha ni nzuri, maudhui yanaelimisha", yale ya kwenye mtihani wa fasihi. Akaniambia, mtihani wa fasihi unamhoji mtu aliyeshakisoma kitabu, mimi nataka kujua kama kuna atakayekinunua. Darasani sijawahi kuulizwa swali hilo.

Shubiri: mwanzoni mwa wiki ya tatu waliniomba nitafsiri kitabu cha watoto kutoka Kiingereza, "kama zoezi". Nikatafsiri chote. Kikatoka, jina langu halimo, wala senti. BintiWaMbagala, kurasa mbili tatu za zoezi sawa, kitabu kizima hapana, labda muandikiane. Tafsiri ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kama kazi nyingine.

Jingine, msimamizi wangu wa chuo alipokuja kunikagua alinikuta peke yangu ofisini, wote wametoka, mmoja kiwandani, mmoja benki, bosi msibani. Ikabidi mimi ndiye nimkaribishe, nimpe chai, nimwoneshe "idara" zetu. Alama alinipa nzuri tu.

ChapaKazi

Naona kiwanda kimetajwa kwa sababu ya wali tu. Wakuu, nipo kwenye uchapaji na nawaambia, mhariri ambaye hajawahi kusimama mbele ya mashine atasumbua watu maisha yake yote.

Mfano mdogo. Kwenye mashine za ofseti karatasi kubwa huchapwa pande mbili, ikikunjwa inatoa, tuseme, kurasa 16. Kitabu kinajengwa kwa mafungu hayo. Mteja anakuja na kitabu cha kurasa 100. Mafungu sita ni 96, saba ni 112. Kurasa zake nne zinamfanya alipie karatasi nyingi zaidi au aache kurasa tupu nyuma. Mhariri anayejua hilo angepunguza kurasa nne mapema: shukrani zikae ukurasa mmoja, sura mpya isianze lazima kulia, basi. Tunaletewa kazi kama hiyo kila mara, na mwenye kazi anashangaa bei.

Au rangi. Mchoraji anapamba jalada kwenye simu, buluu inang'aa kama taa ya baa, likifika kwetu linatoka limefifia, kwa sababu skrini inatoa mwanga na sisi tuna wino wa rangi nne tu. Kwenye meza ya ukaguzi utajifunza kuyakamata haya kabla pleti, zile bati za kuchapia, hazijatengenezwa, maana zikishatengenezwa kila kosa lina bei.

Ila niwe mkweli: kwetu hutagusa lugha. Mswada ukija na "baadae" mara mia, tunachapa "baadae" mara mia. Si kazi yetu.

Mwenda_Eldoret

Hamjambo majirani. Huku Kenya mambo yako tofauti kidogo. Sisi tunaita atachimenti, na Chuo Kikuu cha Moi kimefundisha uchapishaji kwa miaka mingi, kwa hivyo wachapishaji wengi wa Nairobi wamezoea kupokea wanafunzi wa kazi hiyo hasa. Ukienda kubwa unaweza kuwekwa uhariri moja kwa moja. Lakini kubwa zetu zinategemea vitabu vya shule, na vitabu vya shule lazima vipitishwe na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya. Mwanafunzi anaweza kumaliza atachimenti nzima akilinganisha mswada na mtaala, mstari kwa mstari: je, hili lengo la somo limeguswa, hili je? Ni kazi yenye nidhamu, ila hadithi huzioni.

Dadangu, mimi ningeenda kwa hao wadogo, mradi wanakuketisha karibu na mhariri. Kama ofisi ni chumba kimoja, hiyo ndiyo faida yenyewe: utasikia mhariri akiongea na mwandishi kwa simu. Namna ya kumwambia mtu mzima, labda mwalimu mstaafu, kwamba sura yake ya tatu haina kazi, na asikate simu. Hilo halimo katika kitabu chochote cha kozi.

BabaWawili

Sawa, nimesikia. Lakini bado sijajibiwa nauli.

MhaririJioni

Nauli inaombwa, BabaWawili. Nyumba ndogo ukiwaambia "sina uwezo wa kuja siku tano", wengi watakubali uje siku tatu, na siku mbili usome prufu nyumbani. Ila azungumze na chuo kwanza, kuna idara zinataka mahudhurio ya kila siku. Usiende ukakubali kila kitu kwa aibu.

Na kuna habari njema kuhusu nyumba ndogo kwa jumla. Nyumba ya vitabu ya Mkuki na Nyota ilianzishwa mwaka 1991 na Walter Bgoya, ambaye kabla ya hapo aliliongoza shirika la uchapishaji la umma, TPH. Alitoka kwenye shirika la serikali akaenda kuanzisha la kwake. Wanaobaki kwenye kazi hii mara nyingi ni watu wa namna hiyo, waking'ang'ania kitabu kuliko mshahara. Kwa mwanafunzi ni vizuri kukaa nao, ila usiruhusu mapenzi yao ya vitabu yawe ndiyo malipo yako.

BintiWaMbagala

Asanteni sana wakubwa. Nimefanya kama MhaririJioni alivyosema, nimewapigia Sinza nikauliza kuna nini mezani. Dada wa mapokezi akacheka, akampa simu mhariri. Amesema kuna hadithi ya watoto ya kurasa 32, picha zinakuja mwishoni mwa Juni, na kuna riwaya ambayo uhariri wa kwanza unaisha wiki ijayo. Nikamuuliza nitakaa wapi. "Meza ni moja, tutaigawana."

Kuhusu nauli amesema posho hawana, ila siku za kwenda kiwandani au maktaba watanilipia. Siku tatu ofisini amekubali kwa mdomo. Chuo bado sijauliza.

Kampuni kubwa nimewaomba kama naweza kuhamia uhariri, wakasema nafasi za uhariri zilishajaa tangu Machi.

ChapaKazi

Kurasa 32, mafungu mawili kamili. Huyo mhariri anajua kazi.

NilipitaHuko

Hayo ya siku tatu na ya nauli za kiwandani mwombe akutumie kwenye barua pepe, mistari miwili inatosha. Na umuulize mapema ukurasa wa hakimiliki utaandikwaje: nyumba nyingine huweka jina la msoma prufu, nyingine hawaweki. Ukiuliza kabla, ni swali. Ukiuliza baada, ni ugomvi.

MuuzaVitabu

Na hizo siku mbili za nyumbani, moja zunguka madukani. Angalia hadithi za watoto za kurasa 32 zinauzwa bei gani na zimewekwa rafu ipi. Mhariri wako atakuuliza.

BabaWawili

Muhuri wanao lakini? Kitabu cha kumbukumbu cha fildi bila muhuri chuo hawapokei.

BintiWaMbagala

Wanao baba, uko kwenye barua waliyonijibu. Kesho naenda idarani kuuliza hilo la siku tatu, nikijibiwa narudi hapa.