Tupeane uzoefu: mliopata zile dola 8,000 za nyumba ya kwanza Marekani, zilisaidia kweli?

Mpare wa Ohio
Wakuu, habari za masiku. Wanasiasa wa huku hawaachi kufufua ile habari ya kuwapunguzia kodi wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 Biden alipendekeza dola 10,000, Bunge halikupitisha. Sasa tuliokuwepo 2008 hadi 2010 tuseme ilivyokuwa.

Naanza. Nilinunua Columbus kiangazi cha 2009, nyumba ya dola 112,000. Sheria aliyosaini Obama Februari ile ilikupa punguzo la kodi la asilimia 10 ya bei ya nyumba, mwisho 8,000. Kama kodi yako ni 3,000 tu, 5,000 zilizobaki unaletewa hela mkononi. Zangu ziliishia kwenye paa na mtambo wa kupasha joto, ulikuwa unanguruma usiku kucha kama trekta. Halafu hiyo "mara ya kwanza" yenyewe ilikuwa jina tu. Hata aliyewahi kuwa na nyumba alipewa, ilimradi miaka mitatu ya nyuma hakumiliki.

Bwana Houston
Nyie mlibahatika. Mimi nilinunua Septemba 2008, sisi tulipewa 7,500, na ule ulikuwa mkopo usio na riba: dola 500 kila mwaka kwa miaka 15, kuanzia ritani ya kodi ya 2010. Jirani yangu, mtaa huohuo, ramani ileile, alisaini Januari 2009 akala 8,000 zake bila kurudisha hata senti. Tukikutana kwenye nyama choma ananiita mdaiwa.

Mama Zawadi
Niseme kama dalali, maana miaka ile nilikuwa nauza nyumba Atlanta. Mwisho wa kwanza wa kununua ulikuwa 30 Novemba 2009, Bunge likasogeza: mkataba usainiwe kufikia 30 Aprili 2010. Jamani, ile wiki ya mwisho! Kuna kijana na mkewe walisaini juu ya boneti ya gari langu, saa tatu usiku, kalamu moja tunapokezana, muuzaji amesimama na sare zake za kazi anawahi zamu.

Mei simu ikanyamaza. Julai mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa, nchi nzima, yakaporomoka kwa asilimia 27 hivi ndani ya mwezi mmoja. Wengi wa wateja wangu wa Aprili wangenunua tu, kama si Agosti basi mwaka uliofuata. Tuliwawahisha.

Na wauzaji walikuwa wanajua kila kitu. Mteja akiomba apunguziwe 5,000 anajibiwa, "Si serikali inakupa nane?" Kwenye nyumba za dola laki moja na nusu kushuka chini, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo. Kwa hiyo sehemu ya hela ya mnunuzi ilienda kwa muuzaji, na hakuna fomu ya kodi iliyoonyesha hivyo.

Kijana wa Zamani
Dada, nakubali nusu. Kianzio cha mkopo wa FHA (ile mikopo ya nyumba inayowekewa bima na serikali), asilimia 3.5, nilikuwa nacho, ila nikishakilipa nabaki mweupe. Nilithubutu kwa sababu nilijua kuna 8,000 zinakuja nyuma. Nyumba yenyewe mwenyewe alikuwa ameshindwa kulipa, benki yake ikatakiwa ikubali kupokea pungufu ya deni. Mkataba Aprili, benki kimya. Mwisho wa kukabidhiana ulikuwa 30 Juni, Bunge lisingesogeza hadi 30 Septemba ningekosa. Funguo nilizipata Agosti.

Mpare wa Ohio
Ila bei, mkuu. 2011 mthamini aliipa yangu 98,000. Piga hesabu mwenyewe. Waliosubiri bila kupewa chochote walinunua kwa bei nzuri kuliko sisi.

Nai wa Syokimau
Huku Kenya mnunuzi wa mara ya kwanza kwenye mpango wa nyumba za bei nafuu halipi ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4. Na tangu mwisho wa 2024, riba ya mogeji, yaani mkopo wa nyumba, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka inaondolewa kwenye mapato kabla hujakatwa kodi. Sawa, lakini mogeji nchi nzima ni kama elfu 30 hivi! Binamu zangu wote wamejenga kwa hela ya chama cha kuweka akiba, mwaka huu mawe, mwaka ujao mabati. Hiyo nafuu wanaisikia redioni tu.

Mkazi wa Omaha
Mbona hakuna aliyetaja miezi 36? Ukiigeuza nyumba iwe ya kupangisha kabla haijatimia, ulikuwa unarudisha zote. Mimi 2011 nilipata kazi Dallas. Nikawa nalala kwa mtoto wa mjomba, mke na watoto wakabaki Omaha kulinda nyumba mpaka muda upite. Mke wangu anasema nauli za ndege zilizidi hiyo 8,000. Mimi nasema hazikufika. Risiti anazo yeye, kila nikiziomba anacheka.