MJADALA: Shule ya kutwa ya wanafunzi 240 na bingwa wa bweni, wacheze kombe moja hadi lini?

Mwalimu wa Michezo, Kwale

Nina vijana 18 na jozi 11 za njumu. Anayetoka uwanjani anavua, anayeingia anavaa, na mwamuzi akiwa muungwana anatusubiri. Shule yetu ni ya kutwa, wanafunzi hawazidi 240, wavulana kwa wasichana. Muhula wa pili uliopita, kwenye mashindano ya kandanda ya shule za sekondari, tulivuka kaunti ndogo kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha. Kwenye kaunti tukapangwa na shule ya bweni iliyokuja na basi lake, makocha wawili, na kipa aliyetolewa kaunti nyingine kwa ufadhili wa karo. Saba bila. Bao la saba kipa wangu hata hakulirukia, aliligeukia tu akalitazama likiingia.

Siwalaumu wale. Walicheza kwa kanuni zilizopo, na kama ningekuwa na basi ningelipanda pia. Ninachotaka tujadili ni kanuni zenyewe, na hoja zangu ni mbili.

Ya kwanza, madaraja. Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waingie Januari 2026, shule za sekondari ya juu zimepangwa C1 hadi C4. Zilizokuwa za kitaifa ni C1, na za kaunti ndogo kama yetu ni C4. Basi kandanda ifuate hivyo hivyo: C1 na C2 kombe lao, C3 na C4 kombe lao, na kila kombe lifike hadi fainali ya taifa.

Ya pili, nafasi. Fainali za kitaifa zina timu nane, moja kwa kila mkoa wa zamani. Rift Valley yenye kaunti 14 inaleta timu moja. North Eastern yenye kaunti 3 inaleta moja. Nairobi, kaunti moja, moja. Nani aliketi akaona hii ni haki? Mimi napendekeza timu 16: Rift Valley wapewe nne, Nairobi na North Eastern moja moja, na mikoa mitano iliyobaki miwili miwili… samahani, timu mbili mbili.

Nipingeni.

Mzee wa Mumias

Mwalimu, pole kwa saba. Ila hoja yako ya kwanza imeanguka kabla haijasimama. Hizo C zimepimwa kwa mabweni, maabara na majengo, hazikupimwa kwa mguu. Alliance ni ya kitaifa tangu enzi, lini ulisikia kocha wa kandanda akikosa usingizi kwa sababu amepangwa na Alliance? Na kuna shule ndogo hapa kwetu ambazo zingekula hilo kombe lako la C3 na C4 kila mwaka kama chakula cha mchana, kwa sababu zinasaka vipaji kuliko hao wakubwa. Utakuwa umehamisha saba bila kutoka kombe moja hadi jingine.

Hoja ya pili nakuunga mkono, lakini kipimo chako kimepinda. Unahesabu kaunti! Western ina kaunti nne tu, Pwani sita. Hesabu maeneo bunge uone: Kakamega peke yake ina 12, Bungoma 9, Busia 7, Vihiga 5. Hayo ni 33. Pwani yote mna 26. Sasa kwa nini tupewe sawa na nyinyi? Huku wakali wawili wa kandanda ya shule, Kakamega High na Musingu, wako kaunti moja. Mmoja anamtoa mwenzake mapema, na aliyetolewa anakaa nyumbani akisikiliza kwa redio timu ambazo angezifunga akiwa amefumba jicho moja.

Mama wa Winga, Bungoma

Mimi si mwalimu wala kocha, ila hili neno "kusaka vipaji" nalisikia likitajwa kama wizi wa kuku. Mwanangu alipata alama za kawaida kwenye mtihani wa darasa la nane. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mwalimu mmoja alimwona akicheza kwenye uwanja wa kanisa, akaja nyumbani, akanywa chai, akasema karo isinisumbue. Miaka minne kijana akala, akalala, akasoma, akafanya KCSE. Mkitenganisha hizo shule na kuzibana, mwalimu kama yule atakuja tena kunywa chai kwangu kwa sababu gani?

Mnasema kipa alitolewa kaunti nyingine. Mmemuuliza mamake?

Mkenya wa Dallas

Niko Texas mwaka wa tisa sasa, na kijana wangu anacheza ule mpira wao wa kubeba mkononi na kofia ngumu kichwani. Hapa mambo ya madaraja ni kama dini. Shule za umma zinapangwa kwa idadi ya wanafunzi, kuanzia 1A hadi 6A, na kila baada ya miaka miwili wanahesabu upya. Shule iliyokua inapandishwa, iliyopungua inashushwa. Zile ndogo kabisa vijijini hazilazimishwi kutafuta watu 11, zinacheza wachezaji sita kwa sita na bingwa wao anaheshimika. Kisha daraja lenyewe linagawanywa tena sehemu mbili ili kubwa zimenyane na kubwa. Kwa timu za watu 11, kundi moja la shule jirani, wanaloliita wilaya, linapeleka timu nne kwenye mtoano, kwa hiyo Kakamega na Musingu wangefuzu wote na wakakutana baadaye.

Ila Mzee wa Mumias amegusa penyewe. Idadi ya wanafunzi inafanya kazi huku kwa sababu shule ya umma ina mipaka: ukikaa mtaa huu unasoma shule hii. Shule ya bweni ya Kenya inachukua mtoto kutoka Mandera hadi Lunga Lunga. Ikiwa na wanafunzi 500 waliochaguliwa nchi nzima, si sawa na kutwa ya 500 wa kijiji kimoja. Hata Marekani tatizo hili linawasumbua. Texas shule nyingi za binafsi zina chama chao mbali. Illinois waliamua kuzichanganya, lakini shule isiyo na mipaka, idadi ya wanafunzi wake inazidishwa kwa 1.65 kabla ya kupewa daraja. Wanafunzi 600 wanahesabiwa kama 990. Baadaye wakaongeza kanuni nyingine kwamba ukishinda sana, unapandishwa hata kama hujaongeza mwanafunzi mmoja.

Hiyo ya mwisho ndiyo ningewapa ndugu zangu wa nyumbani. Msipime bweni wala kipaji cha mtoto. Pimeni matokeo.

Mwalimu wa Michezo, Kwale

Mama, umeninyamazisha kidogo. Sikutaka mtoto yeyote afungiwe mlango. Vijana wangu wawili wangechukuliwa kesho ningewasindikiza mwenyewe hadi kituo cha matatu, ingawa ningerudi nikilia. (Mmoja alishachukuliwa. Nililia.)

Mzee, nakubali, C zimekufa. Tufuate alichosema ndugu wa Dallas: timu iliyofika fainali za mkoa miaka miwili mfululizo inapanda kombe la juu, awe C1 au C4. Iliyoshindwa kuvuka kaunti miaka miwili inaweza kushuka. Hapo shule inayosaka vipaji inaendelea kusaka, lakini inakutana na wasakaji wenzake.

Kocha wa Wasichana, Trans Nzoia

Mnazungumza kana kwamba kandanda inachezwa na wavulana pekee. Kwa wasichana, ukigawa makombe mawili utazika yote. Kuna kaunti ambazo timu za wasichana za kweli zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na nyingine hutokea siku ya mashindano tu kwa sababu mwalimu mkuu amepigiwa simu. Wiyeta, shule ya wasichana ya hapa kwetu, hawakupata nguvu kwa kucheza na wanyonge. Walipata kwa kugongana na wakali wa Kakamega kama Archbishop Njenga, wakaumia, wakarudi.

Wavulana gawanyeni mkitaka. Wasichana tupeni mechi zaidi, si makombe zaidi.

Refa wa Wikendi, Machakos

Nyote mmeruka jambo moja. Kocha anataka mechi zaidi, Mwalimu anataka timu 16. Sasa hivi bingwa wa taifa anacheza mechi tatu za kundi, nusu fainali na fainali. Tano, ndani ya wiki moja. Mkifanya 16 kuna robo fainali, zinakuwa sita, na wiki ni ile ile. Nimechezesha watoto siku ya nne ya mashindano. Hawakimbii, wanajikokota. Misuli inakaza, kocha anampaka mtoto dawa ya kuchua na kumrudisha ndani.

Ndugu wa Dallas, hao wenu wanacheza mara ngapi kwa wiki?

Mkenya wa Dallas

Mara moja. Ijumaa usiku, au siku jirani. Mechi 10 za msimu, halafu bingwa hupitia raundi sita za mtoano. Mechi 16 kwa ujumla, lakini kwa karibu miezi minne. Ukimwambia kocha wa hapa acheze mitoano mitatu kwa siku tatu ataita mwanasheria.

Mtu wa Tanga

Habari za huko majirani. Niruhusuni nichungulie. Sisi kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, tulishakwepa ugomvi wenu. Shule haifiki taifani. Wachezaji wanachaguliwa shuleni, wilayani, hatimaye inaundwa timu ya mkoa. Yule kipa wa Mwalimu aliyegeuka nyuma, kama ni mzuri angeitwa timu ya mkoa na kwenda Tabora au popote fainali zinapofanyika, hata kama shule yake imefungwa ishirini.

Msifikiri ni pepo. Maneno ya upendeleo kwenye uteuzi hayaishi, mamluki bado tunawasikia, na shule haina cha kujivunia kwa sababu kombe ni la mkoa. Lakini kipaji cha kutwa hakifi kwa sababu ya wenzake kumi.

Mzee wa Mumias

Timu ya mkoa? Unataka Kakamega High na Musingu wavae jezi moja? Bwana, huku watu wangehama nyumba.

Mwalimu wa Michezo, Kwale

Mzee, tulia. Nachukua kipande cha Tanga, si chote. Kila kaunti imalizapo michezo yake, bingwa aruhusiwe kuongeza wachezaji wawili kutoka shule za kutwa alizozitoa, kwa mashindano ya mkoa na taifa, wakibaki wanafunzi wa shule zao na jina la shule yao likitajwa. Hapo hata mama wa kipa wangu anapata chai ya mgeni.

Hizo 16 nazirudisha kabatini, Refa ameshinda. Zibaki nane, ila badala ya mkoa mmoja timu moja, mabingwa wa kaunti wachuane kwanza kwa mechi za nyumbani na ugenini, Jumamosi, tangu mwanzo wa muhula. Kwale na Taita Taveta, Vihiga na Busia. Kaunti zetu hizi zinafikika kwa matatu ya asubuhi.

Refa wa Wikendi, Machakos

Isiolo na Marsabit pia? Ni zaidi ya kilomita 250. Nani atalipa hiyo nauli kila Jumamosi?

Mama wa Winga, Bungoma

Na hao wawili watakaoongezwa, Mwalimu, watakula kwenye meza gani? Winga wangu alisema mwaka wa kwanza, wenye basi walikuwa na chakula chao, na aliyekuja kwa ufadhili alijua kiti chake. Hilo liandikeni kwenye kanuni kwanza. Mambo ya makundi baadaye.

Mwalimu wa Michezo, Kwale

Naliandika, Mama. Namba moja.