Alama za umri kwenye magemu: damu inazuiwa, kamari inapitishwa na alama ya 3!

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kila kijana anapofanya unyama fulani, wimbo ni uleule: magemu yafungiwe, magemu ndiyo yanaharibu watoto. Wanasiasa wanapaza sauti, wazazi tunaitikia, baada ya muda kimya. Mimi ni mzazi na nimecheza magemu tangu nikiwa mdogo. Ninachosema ni kwamba hawa wanaotupangia umri wanakagua damu peke yake, na kupitia mwanya huo watoto wetu wanatafuniwa hela.

Tuanze na chanzo, maana wapo wanaodhani alama hizi zimewekwa na serikali. Mwaka 1993 Seneti ya Marekani iliwaweka kikaangoni wakubwa wa kampuni za magemu kwa sababu ya magemu mawili ya vurugu, Mortal Kombat na Night Trap. Kampuni zikaona sheria inanukia, zikaanzisha bodi yao wenyewe ya kupanga umri mwaka 1994, ESRB. Nimesema bodi yao wenyewe! Ulaya ikafuata na PEGI mwaka 2003, yenye alama za 3, 7, 12, 16 na 18. Hofu iliyozizaa ilikuwa ya damu na ngumi, na hofu hiyo haijawatoka.

Na kwenye damu hawana mchezo. Carmageddon ilipotoka mwaka 1997, Uingereza iliuzwa kwanza ikiwa na mazombi wenye damu ya kijani badala ya watu wa kugongwa na gari. Manhunt 2, mwaka 2007, ilikataliwa Uingereza, na Marekani ikapigwa alama ya AO, yaani watu wazima tu, mpaka watengenezaji wakaikatakata ndipo ikaingia madukani. Australia ndiyo kichekesho kabisa: mpaka Januari 2013 hawakuwa na daraja la miaka 18 kwa magemu. Gemu likivuka daraja la miaka 15 lilikuwa linapigwa marufuku, hata kama mnunuzi ana mvi kichwani.

Sasa shikeni hii. Mwaka 2019 gemu la mpira wa kikapu, NBA 2K20, lilitoa tangazo lenye mashine za kamari, zile zile za kwenye kasino, pamoja na gurudumu la bahati. Alama ya PEGI? 3. Mtoto wa miaka mitatu! Watu walilalamika, alama ikabaki pale pale. Halafu mwaka 2024 ikaja Balatro, gemu la karata lililotengenezwa na mtu mmoja. Unalinunua mara moja, basi. Hakuna cha kuongeza hela, hakuna cha kushinda hela. PEGI wakaona mikono ya poka mle ndani, wakaipiga 18! Ikaondolewa kwa muda kwenye baadhi ya maduka ya mtandaoni siku chache tu baada ya kutoka. Ni mpaka Februari 2025, baada ya rufaa, walipoishusha hadi 12. Kwa akili hiyo, picha ya karata ni hatari kuliko mtoto kununua bahati nasibu kwa hela halisi. Nani alikaa mezani akaona hilo ni sawa?

Nimekaa pembeni ya mwanangu akifungua pakiti, yaani unanunua bila kujua ni mchezaji gani yumo, kwenye gemu la mpira lenye alama ya 3. Kioo kinaingia giza. Uwanja unawaka taa. Inatoka bendera kwanza, anashika pumzi. Inafuata nafasi ya mchezaji, halafu nembo ya klabu, na hapo ameshasimama kwenye kochi, padi ya kuchezea iko kifuani. Mwisho inatokea sura ya mchezaji wa kawaida ambaye tayari anaye watatu. Sekunde chache hizo zimepangwa kwa ustadi mkubwa, na kitufe cha kununua pakiti nyingine kiko hapo hapo, kimekaa chini ya kidole gumba. Hakuna tone la damu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa bodi, kila kitu ni salama.

Najua wapo watakaonirukia: "kwani kadi yako ya benki aliipataje?" Hajaipata. Vocha za zawadi zinatosha. Hela yote anayopewa na mashangazi sikukuu inaishia kwenye pakiti, na mipangilio ya udhibiti wa wazazi nimeiweka mwenyewe. Msinitupie mimi mzigo wa kitu kilichoidhinishwa kwa watoto wachanga.

Suala la wageni nalo ni hivyo hivyo. Kwa miaka mingi ESRB waliweka tangazo kwenye magemu kwamba mawasiliano ya wachezaji mtandaoni hawayapimi. Yaani mtu mzima anayeongea na mtoto wako kupitia hedifoni saa tatu za usiku hayumo kwenye ile alama uliyoiamini.

Na hata hizo za 18 zinalindwa na nini mtandaoni? Ukurasa unaouliza siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Mtoto anaviringisha gurudumu la miaka mpaka chini kabisa, 1900, anabonyeza endelea, kaingia. Hakuna aliyeshtuka kwamba mteja ana zaidi ya karne. Huo si ulinzi, huo ni ushahidi wa kampuni kujitetea siku ikiulizwa.

Sisemi gemu la kuchinjana apewe mtoto wa darasa la pili. La 18 libaki la 18, na muuzaji anayempa mtoto awajibishwe. Lakini tuache kudanganyana kwamba hapo ndipo kuna moto wote. Utafiti wa Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na Weinstein wa Cardiff, mwaka 2019, haukuona uhusiano kati ya muda wa kucheza magemu ya vurugu na ukali wa vijana. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo mwaka 2011 iliitupa sheria ya California ya kuzuia kuwauzia watoto magemu ya vurugu, majaji saba kwa wawili, na udhaifu wa ushahidi ulitajwa waziwazi.

Wanaosema haiwezekani kubana hizi pakiti ni waongo. Ubelgiji mwaka 2018 ilizitangaza kuwa kamari, na kampuni kubwa zikaacha kuziuza kule. Australia tangu Septemba 2024 gemu jipya lenye vitu vya kununua kwa kubahatisha haliwezi kupata chini ya M, daraja lisilopendekezwa kwa walio chini ya miaka 15, na lenye kamari ya kuigiza linakwenda R18+, la watu wazima tu. M yenyewe ni ushauri tu, haimzuii mtu, lakini angalau mzazi anaonywa.

Ninachotaka ni hiki: gemu lolote linalouza bahati kwa hela halisi lisipate alama ya chini ya 16, na onyo liandikwe mbele, kwa herufi kubwa kama ile namba. Anayeitetea ile 3 aje hapa anieleze ni mtoto yupi wa miaka mitatu aliyempima.