Naomba ushauri: sarafu ndogo za Hamburg, Bremen na Frankfurt, nizisafishe au niziache?

Wakuu, habari zenu. Naishi Hamburg, na kwenye gulio la vitu vya zamani nimenunua kifurushi cha sarafu ndogo za fedha za ile miji iliyojitawala kabla Ujerumani haijaungana mwaka 1871. Nyingine ni nyembamba kama gamba la samaki.

Iliyonikosha ni ya schilling 4 ya Hamburg, mwaka 1727: ina ngome yenye minara mitatu na herufi IHL, za msimamizi wa kiwanda cha sarafu Johann Hinrich Löwe. Wakati huo schilling 16 zilifanya mark 1. Ipo ya grote 6 (grote ilikuwa sarafu ndogo ya Bremen) ya 1861 yenye ufunguo, na kreuzer, yaani sarafu ndogo za Frankfurt, zenye tai, za miaka michache kabla dola ya Prussia haijaumeza mji huo mwaka 1866.

Shida ni hizi kreuzer. Fedha yake ni kidogo, shaba ndiyo nyingi, na zimeota kutu ya kijani. Muuzaji aliniambia nisugue kwa magadi na ndimu, lakini mtu huyo huyo ndiye anayeuza dawa ya kung'arishia, kwa hiyo simwamini sana. Je, asetoni (kimiminika cha kuyeyushia mafuta na rangi ya kucha) inatosha, au itaondoa uchafu wa mafuta tu na kutu ibaki?

Pia, ya 1727 ina tundu juu, nadhani ilivaliwa shingoni. Tundu linashusha bei kwa kiasi gani? Na nikitaka kuuza, niitenge au niende na kifurushi chote kwenye mnada?

Wazoefu naomba mnisaidie, picha nitaweka mkihitaji.